Bunduki Iliyovishwa Ndonya

Ninyi mliobaki pale ghalani mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba msitafute humu habari za vyeo. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili niliendelea kukalia kiti kilekile chenye mguu mmoja mfupi. Nitaandika juu ya bunduki, juu ya fundi aliyenifundisha, na juu ya kifaa kimoja ambacho bado kimo kwenye kabati la chini, ndani ya kisanduku chenye kitambaa laini cha buluu. Iko siku mkubwa mpya atakifungua kisanduku hicho na macho yatamng'aa. Siku hiyo msomeeni karatasi hizi, hata kama hajawaomba.

Nilifika kituoni Masasi nikiwa na cheti cha utunzaji wa ghala na viatu vya kuazima. Baba yangu, muuza vitambaa wa hapohapo mjini, alidhani nimepata kazi kwenye ghala la mahindi, nami sikuona sababu ya kumharibia furaha mpaka mwezi wa pili. Kituo chetu kilikuwa na kazi ya kuwalinda wakulima dhidi ya wanyama na kuwalinda wanyama dhidi ya wakulima. Tulifanya zote mbili kwa kiwango ambacho pande zote zilitulalamikia sawasawa. Nguruwe pori walikula mihogo ya Newala, tembo walipanda kutoka upande wa Ruvuma, na sisi tulikuwa na gari moja, askari saba, bunduki tatu kubwa, na mimi.

Fundi wa silaha alikuwa Mzee Nampota, Mmakonde wa Newala aliyejifunza kazi ya chuma kwenye karakana za Ndanda. Nilimkuta ameinama kwenye jiriwa, tupa mkononi, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Unajua bunduki?”

“Sijui.”

“Vizuri. Wanaojua wamenimalizia bunduki.”

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kuanzia kazi. Miezi mitatu nilisafisha tu. Alinifundisha kukata matambara kutoka khanga zilizofuliwa mpaka zikalainika, kwa sababu kitambaa kipya, alisema, kinaacha nyuzi ndani ya mtutu. Alinifundisha kuuelekeza mtutu dirishani na kuutazama ndani mpaka nione duara la mwanga halina doa. Kila nikidhani nimemaliza, aliingiza kidole chake kidogo mdomoni mwa mtutu, akakitazama, kisha akanirudishia bunduki. Nilimchukia kwa moyo wote mpaka siku nilipoanza kuona madoa kabla yake.

Somo kubwa alinipa uwanja wa shabaha, ule ulio njia ya Lisekese, wenye mlima wa jiwe nyuma yake. Aliilaza bunduki juu ya magunia ya korosho tuliyojaza mchanga, akapiga risasi moja. Tundu likatokea katikati ya karatasi. Kisha akachukua spana, akaifunga kwenye ncha ya mtutu kwa mpira wa baiskeli, akapiga tena. Nikaenda kutazama. Tundu la pili lilikuwa limeshuka chini kiasi cha kiganja.

“Umetikisika, Mzee,” nikamwambia. Nilikuwa mjinga na mwenye ujasiri.

Akafungua spana, akapiga ya tatu. Ikarudi katikati, karibu igusane na ya kwanza.

Akanieleza kwamba risasi ikitoka, mtutu hutetemeka mzima, kama rula ukiibana kwenye ukingo wa dawati ukaipiga kwa kidole. Ukiweka uzito kwenye ncha ya rula, mtetemo unabadilika. Risasi inatoka wakati mtutu umeelekea mahali pengine, kidogo tu, lakini kidogo hicho kinakua kadiri risasi inavyokwenda mbali. “Si kwamba bunduki imeharibika,” alisema. “Imekuwa bunduki nyingine. Ukiubandika mtutu kitu chochote, hata kama ni hirizi, piga tena uone inapoangukia.” Nililiandika hilo nyuma ya jalada la daftari langu la kwanza kwa kalamu nyekundu. Nalitaja ili msije mkanitetea baadaye kwamba sikuwa najua.

Kesi zilikuwa nyingi na nyingine zilinichekesha. Yupo mtu wa Lisekese aliyeleta gobore likaguliwe, nikakuta mtutu wake ni chuma cha usukani wa gari. Nilipomuuliza gari liko wapi, akasema hilo silo swali la ghala la silaha. Yupo askari aliyetumia bunduki kama mtaimbo kunasua gari mchangani, akairudisha imepinda, na kwenye fomu akaandika “uchakavu wa kawaida.” Yupo mwingine aliyekosa nguruwe kila wiki na kila wiki akailaumu darubini. Mzee Nampota alimchukua uwanjani, akamfunga macho kwa kitambaa, akampa bunduki isiyo na risasi bila kumwambia, akamtaka abonyeze kifyatulio. Bunduki iliruka kama mbuzi. Tangu siku hiyo darubini ilipona.

Tatizo letu la kudumu lilikuwa risasi za majaribio. Ilikuja barua kutoka juu kwamba bunduki ikifanyiwa matengenezo ijaribiwe kwa risasi zisizozidi tatu. Tatu zilikuwa ukomo, lakini nyie mnaijua ofisi. Baada ya mwaka mmoja tatu zikawa sheria ya maumbile. Bunduki ilipigwa tatu, matundu yakikaribiana ni nzima, yakiachana ni mbovu, na mazungumzo yakaisha. Kila ganda la risasi lilirudishwa, likahesabiwa mbele ya mashahidi wawili. Mzee Nampota alikuwa akisema risasi tatu ni heri kuliko kukisia, ila zisimfanye mtu ajione amejua. Alistaafu, akarudi Newala, akafariki. Nikabaki mimi, jiriwa, na ile barua.

Ndipo akaja Mkuu. Jina lake silitaji. Ninyi mnamjua, na wasiomjua wana wa kwao. Alitoka mkoa wa mbali, msomi, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu watu wabaya huwa rahisi kuwakatalia. Huyu alikuwa na shauku, na mtu mwenye shauku na madaraka humkatalii, unamtafutia kiti.

Aliporudi kutoka kwenye mafunzo fulani alikuwa na kile kisanduku cha buluu. Tukaitwa sote mkutanoni. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kinene kama betri kubwa ya tochi, kizito kama robo kilo, chenye hesi kwa ndani na pete yenye alama za namba kwa nje. Kinafungwa kwenye mdomo wa mtutu. Ukizungusha pete, uzito unasogea mbele au nyuma, na kwa maelezo ya Mkuu utafika mahali ambapo mtetemo wa mtutu unatulia saa ileile risasi inapotoka. Hapo matundu yote yanaingia mahali pamoja. Alituonyesha picha za ukutani kwa siku mbili. Siku ya pili palikuwa na soda.

Selemani, askari wetu mpiga shabaha, Mmakonde wa Newala kama fundi wangu, alikikodolea macho kile chuma, akasema, “Hii si ndonya?”

Watu wakaangua kicheko. Ndonya ni kile kigingi walichokivaa bibi za Wamakonde kwenye mdomo wa juu, na kwa kweli bunduki ile ikishafungwa kifaa ilikuwa na sura hiyohiyo ya mwanamke mzima asiyetaka mzaha. Jina likakaa. Mkuu alituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kituo akitukumbusha kutumia jina la kitaalamu. Hakuna aliyeweza kulitamka, kwa hiyo hata yeye kufikia Ijumaa alikuwa anasema ndonya.

Mitutu yote mitatu ilipelekwa kukatwa hesi mdomoni ili iweze kuvaa. Kisha tukaenda uwanjani na bunduki namba moja. Mkuu mwenyewe alipiga. Alama ya nne, risasi tatu: matundu yakaachana. Alama ya nane, risasi tatu: yakaachana zaidi, moja likaenda kusalimia ukingo wa karatasi. Alama ya kumi na mbili, risasi tatu: matundu matatu yaliyokaribiana kiasi kwamba ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Mkuu akapiga picha. Akapiga picha yeye na karatasi. Akapiga picha karatasi peke yake.

Mimi nilikuwa nimeshika boksi la risasi. Nikamwambia, “Mkuu, tuongeze ya nne tuone?”

“Ya nne ya nini, Mama Rukia? Unataka kuiharibu?”

Sijawahi kusikia mtu akisema ukweli mwingi hivyo bila kukusudia. Kama risasi ya nne inaweza kuliharibu tundu lako zuri, basi huna tundu zuri. Una bahati iliyopigwa picha. Lakini nilifunga boksi. Nikatumwa dukani kununua rangi nyekundu ya kucha, nikatia doa kwenye alama ya kumi na mbili.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo sisi watu wa kituo kile tulipofanya kosa ambalo nadhani halijafanywa kwingine. Kifaa kilikuwa kimoja. Bunduki zilikuwa tatu. Mahali pengine wangechagua bunduki moja wakaivisha. Sisi tulitengeneza fomu ya kukihamisha. Bunduki yoyote itakayotoka, imepangwa, itavaa ndonya kwenye alama ya kumi na mbili, na mtunza ghala ataandika “Imerekebishwa” na kusaini. Nilimweleza Mkuu kwamba bunduki namba mbili na namba tatu darubini zake zilinyooshwa mitutu ikiwa mitupu, na kwamba kumi na mbili ni ya namba moja, kama kweli ni ya yeyote. Akanijibu kwamba zote zimetoka kiwanda kimoja, ni pacha. Dada yangu amezaa pacha. Mmoja anakula samaki, mwenzake akimnusa tu anavimba midomo. Nilimwambia Mkuu hata hilo. Akacheka, akasema niombe risasi za kuzinyoosha upya. Nikaandika barua ya kuomba. Barua ikaenda mkoani, na huko nadhani waliipanda kama mbegu, maana jibu halikurudi.

Selemani alisaini fomu ya kwanza, akaniambia, “Bibi yangu alivaa ndonya maisha yake yote, Mama Rukia. Hakuwahi kumwazima jirani.”

Nilicheka sana. Ndiyo aibu yangu. Nilicheka, nikagonga muhuri.

Miezi michache baadaye, asubuhi saa tatu, simu ikapigwa kutoka Mkunya. Simba alikuwa ameua mbuzi wanne, na sasa alikuwa amejificha kwenye kichaka katikati ya mikorosho, watu wamekizunguka kwa mapanga na madebe. Bunduki namba moja ilikuwa imeondoka na doria siku mbili nyuma, mtutu mtupu, kwa kuwa kiongozi wa doria alisema hatembei porini na ndonya. Nikatoa namba mbili. Mkuu, aliyekuwa safarini, akapiga simu: “Wafungieni kifaa.”

Nilikifunga. Mikono yangu hii. Nikazungusha pete mpaka kwenye doa jekundu, nikakaza nati, nikaandika “Imerekebishwa,” nikasaini.

Selemani alikuwa amesimama mlangoni, gari limeshawashwa. Akaigusa ile ndonya kwa kidole.

“Mama Rukia, hii na hii zimeshapigwa pamoja?”

“Namba ni ileile, kumi na mbili,” nikamwambia. “Nenda, watu wanasubiri.”

Akanitazama kidogo. Alikuwa na adabu, na mimi nilikuwa na umri wa mama yake. Akaenda.

Yaliyofuata niliyasikia kwake na kwa Baba Somoe, na hawakupishana. Baba Somoe ni mkulima wa Mkunya; shamba lilikuwa lake, na ndiye aliyewaongoza askari kwa sababu alijua kila shina. Simba alitoka kichakani akasimama ubavu, hatua sitini hivi, hana haraka. Selemani aliegemeza bunduki kwenye mkorosho, akavuta pumzi, akapiga. Mtu yule, kwa hatua sitini, kwa kuegemea, angekupigia kizibo. Risasi ilishuka kiganja kizima, ikamvunja simba mguu wa mbele. Simba akaja kwa miguu mitatu. Selemani alipiga ya pili akiwa anarudi nyuma, ikapita, na simba hakumfuata yeye. Alimwangukia Baba Somoe aliyekuwa kando. Baba Somoe aliinua mkono wa kulia. Selemani alisogea mpaka mdomo wa bunduki, na ndonya yake, ukamgusa simba sikioni. Hapo hata kipofu hakosi.

Baba Somoe alipelekwa hospitali ya Ndanda. Waliokoa maisha yake. Mkono walishindwa kuuokoa, ukakatwa juu ya kiwiko.

Selemani alisimamishwa kazi wiki ileile. Ikaundwa kamati ya watu watatu. Mkuu aliandika taarifa ya kurasa tisa yenye ile picha ya matundu ya kizibo cha soda kama kielelezo, akahitimisha kwamba silaha ilikuwa katika kiwango cha juu kuliko wakati wowote, hivyo kilichobaki ni mkono wa mpigaji. Sokoni Masasi walimaliza shauri siku hiyohiyo: Selemani alimuona simba akatetemeka. Mtu mwenye watoto watatu, mwenye miaka kumi na minne ya kazi, akawa anapita barabarani vijana wa bodaboda wanatikisa mikono. Kama kamati ingekubaliana na soko, angefukuzwa na jina la mwoga angekwenda nalo kaburini.

Kwangu ilikuja fomu ya maswali. Swali la tano liliuliza kama bunduki ilijaribiwa kabla ya kutolewa. Palikuwa na visanduku viwili. Nilitia alama kwenye “Ndiyo.” Nilijiambia kwamba bunduki ilikuwa imejaribiwa, mwaka uliopita, na kifaa kilikuwa kimejaribiwa, kwenye bunduki nyingine. Niliogopa. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu na nilimwogopa Mkuu, kamati, na karatasi yenye saini yangu. Siku ishirini nilikunywa chai na Ndiyo ile. Selemani hakuja kunilaumu. Laiti angekuja.

Kilichonitoa hapo ni mchwa. Waliingia stoo ya nyuma wakala lebo na nyaraka za maboksi kadhaa ya risasi. Risasi zenyewe zilikuwa nzima, zinang'aa. Lakini kwetu risasi isiyo na karatasi imekufa, na ilikuja barua, hii ilikuja upesi, kwamba ziharibiwe kwa kupigwa, chini ya usimamizi wa mtunza ghala. Zilikuwa sitini na mbili. Tulikuwa tumenyimwa hata risasi moja ya kujaribia kwa sababu hazitoshi, na sasa nimepewa amri ya kupoteza sitini na mbili. Nilisoma barua ile mara mbili nikiwa nimekaa kwenye kiti changu kibovu, nikacheka mpaka karani akaja kuuliza kuna nini.

Nilimpigia Selemani. Haruhusiwi kugusa silaha, nikamwambia, lakini hakuna barua inayokataza kushika penseli. Tukaenda uwanjani na mashahidi wawili wa maganda. Nilipiga mimi mwenyewe, bibi wa miaka hamsini na nane nimelala kifudifudi juu ya gunia la korosho, khanga imefungwa kiunoni. Namba mbili, na ndonya, alama ya kumi na mbili. Risasi ya kwanza Selemani aliikuta chini ya shabaha, kiganja kizima na upana wa kidole. Alirudi nayo ile karatasi, akaketi mchangani, akaweka kichwa kati ya magoti. Nilimwacha. Mimi mwenyewe machozi yalikuwa yananidondokea kwenye kitako cha bunduki.

Halafu tukaendelea, maana nilitaka kujua yote. Nilipiga kumi kwa alama ya nne, kumi kwa ya nane, kumi kwa ya kumi na mbili, kwa upole, nikisubiri mtutu upoe. Kila alama ilisogeza matundu mahali pake tofauti kidogo, kama alivyosema Mzee Nampota. Lakini yalivyotawanyika ilikuwa vilevile: nne, nane, kumi na mbili, zote ungezifunika kwa kisosi kilekile. Nikavua ndonya, nikapiga kumi mtupu. Kisosi kilekile, ila sasa kiko katikati, mahali darubini ilipoambiwa. Zilizobaki tulizipiga kwa namba tatu, ikatoa habari zilezile kwa mahali pake. Sisemi kwamba chuma hicho hakimfai mtu yeyote duniani. Wapo wanaolenga karatasi, wana risasi za kuchezea na siku nzima, wanakipima na bunduki moja wasiyoiazima kwa mtu. Sisi tulikipima kwa matundu matatu, na matundu matatu yatakwambia chochote unachotaka kusikia.

Selemani alichukua ile karatasi ya mtutu mtupu, akatafuta kati ya yale matundu kumi, akazungushia penseli matatu yaliyokaribiana.

“Hii hapa kumi na mbili ya Mkuu,” akasema.

Nilizipeleka karatasi zote mbele ya kamati. Mkuu alisema risasi zilikuwa mbovu, zilikuwa kwenye orodha ya kuharibiwa. Nikawaambia kilichoharibika ni karatasi, na wakitaka wanaweza kumwita mchwa atoe ushahidi. Mwenyekiti, mwanamke mkavu kutoka mkoani, hakucheka. Aliinua ile fomu yangu.

“Swali la tano hapa umejibu Ndiyo. Ndiyo hii ni ya nini?”

“Ni uongo, Mwenyekiti. Naomba niifute.”

“Fomu haifutwi.”

“Basi andika chini yake kwamba mwenyewe amesema ni uongo.”

Akaandika. Selemani alirudishwa kazini, na barua ya kumsafisha ikabandikwa ubaoni. Mimi nilipewa onyo kali, ambalo lilikuwa halali yangu. Mkuu alihamishwa kwenda kufundisha, na nasikia somo lake lina picha ya kizibo cha soda. Ndonya ikarudi kisandukuni. Ninyi mkiulizwa, semeni inasubiri nyaraka.

Juma nililokabidhi funguo nilipanda gari kwenda Mkunya. Nilikuwa sijawahi kufika. Nilimkuta Baba Somoe kwenye uwanja wa nyumba yake, korosho zimeanikwa juu ya turubai, anachagua kwa mkono wa kushoto: nzuri huku, zilizonyauka kule. Binti yake Somoe alinipa kigoda. Tukasalimiana, akaniuliza habari za kustaafu. Nikamwambia mimi ndiye niliyefunga kile chuma. Nikamweleza kila kitu, kuanzia picha mpaka ile Ndiyo, kama nilivyowaeleza ninyi. Aliendelea kuchagua.

Nilipomaliza akauliza, “Kwa hiyo mlipiga risasi sitini na mbili.”

“Ndiyo.”

“Baada.”

“Baada, Baba Somoe.”

Akapangusa vumbi la korosho kwenye goti. “Na kabla, ili mjue inakwenda wapi, mngehitaji ngapi?”

Niliangalia turubai. Ingekuwa rahisi kumtajia kumi, au thelathini, au kumweleza habari za visosi.

“Moja,” nikamwambia.

Akaokota korosho, akaigeuza, akaiweka upande wa nzuri.

“Mngeniambia,” akasema. “Ningeuza gunia, nikawanunulia.”